Reli Haisamehe Kipimo Kibaya

Wahenga walituachia usemi kwamba samaki mkunje angali mbichi. Juma hili nataka tuutazame usemi huo kupitia kitu ambacho wengi mtakiona ni cha watoto: treni ya kuchezea. Lakini tusiharakishe kucheka. Katika treni hiyo ndogo limo somo ambalo mataifa makubwa yamelilipia fedha nyingi.

Turudi mwaka 1891, mjini Leipzig, Ujerumani. Katika maonyesho ya biashara ya mwaka huo, kampuni ya Märklin ilileta treni iliyotiwa ufunguo kama saa, pamoja na vipande vya reli ambavyo mtu angeweza kununua kidogo kidogo na kuviunganisha. Jambo kubwa halikuwa treni, bali namba. Märklin iliupa upana wa reli zake namba maalumu, ili mtoto aliyenunuliwa treni mwaka huu aweze kuongezewa behewa mwaka ujao, na behewa hilo likakaa barabara juu ya reli zile zile. Wenye viwanda wengine nao wakafuata vipimo hivyo. Namba 1 ikawa milimita 45. Namba 0 ikawa milimita 32.

Baadaye ikaonekana kwamba hata namba 0 ni kubwa mno kwa nyumba za watu wa kawaida. Ikagawanywa karibu nusu, ikapatikana reli ya milimita 16.5. Kufikia mwaka 1935, Märklin na Trix za Ujerumani zilikuwa zikiuza treni za kuwekwa juu ya meza. Wataalamu wakapiga hesabu: ukichukua treni halisi ukaipunguza mara 87, reli yake ya milimita 1,435 inakuwa milimita 16.5. Hesabu ikakubali.

Huko Uingereza hesabu hiyo ilikwama. Madaraja na mahandaki ya Waingereza yalijengwa mapema, yakiwa membamba, na kwa hiyo vichwa vyao vya treni navyo ni vyembamba. Ukikipunguza kichwa cha Kiingereza mara 87, mota za umeme za siku zile hazikuweza kuingia ndani yake. Wakafanya nini? Wakaliongeza bodi, wakalipunguza mara 76 tu, lakini reli wakaiacha pale pale kwenye milimita 16.5. Mwaka 1938 kampuni ya Frank Hornby ya Liverpool ikaingia sokoni na treni za namna hiyo.

Sasa zidisha 16.5 mara 76. Unapata milimita 1,250 na ushei, wakati reli halisi ni milimita 1,435. Pamepungua karibu sentimita 18! Ni sawa na mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto. Baadaye, wapenzi wa treni hizo waliokereka walileta reli ya milimita 18, kisha ya milimita 18.83, ambayo ndiyo sahihi kabisa. Walikuwa na haki, lakini walikuwa wamechelewa. Reli za milimita 16.5 zilikwisha kujaa madukani na majumbani, na nani angetupa mali yake? Mota ndogo zimekwisha kupatikana zamani, ila hadi leo maduka ya Uingereza yanauza kipimo kile kile cha dharura.

Jambo la pili ni kona. Kona yenye nusu kipenyo cha meta 300 si kali sana kwa treni halisi. Ipunguze mara 87, inakuwa karibu meta tatu na nusu. Duara lake zima litahitaji chumba cha meta saba. Ni sebule gani hiyo? Kwa hiyo viwanda viliuza kona kali sana. Zile za Märklin zina nusu kipenyo cha milimita 360 na 437.5.

Lakini behewa halipindi kama nyoka. Behewa refu la abiria la Ulaya lina meta 26.4, na kwa kipimo hicho linakuwa kama sentimita 30. Likiingia kwenye kona ya milimita 437.5, tumbo lake husogea ndani kiasi cha milimita 13, na ncha zake hutoka nje kiasi cha milimita 12. Mtu aliyetandika njia mbili kwa kufuata nafasi iliyonyooka atashangaa kuona treni zake zinapishana vizuri kwenye mstari, kisha zinagongana kwenye kona. Ndiyo maana kati ya kona hizo mbili za Märklin pana nafasi ya milimita 77.5. Mpangaji mwenye busara huanza na behewa lake refu kuliko yote, akapima kona, akapima nafasi kati ya njia na njia, ndipo akafikiria stesheni na miti. Mwaka 1935, mjini Milwaukee, Marekani, wapenzi wa treni hizi waliunda chama cha kitaifa, na kazi yake moja kubwa ikawa kuweka vipimo ambavyo viwanda vyote vingefuata.

Ndugu wasikilizaji, haya si ya mezani peke yake. Wajerumani walianza reli yao Tanga mwaka 1893, Waingereza wakaanza ya kwao Mombasa mwaka 1896, na wote wawili walitumia upana wa meta moja. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika, Waingereza walijenga njia kutoka Voi wakaiunganisha na reli ya Mjerumani upande wa Moshi, na mabehewa yakapita. Maadui wawili, kipimo kimoja.

TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipewa upana wa milimita 1,067 ili ioane na reli za Zambia na nchi za kusini. Ilikuwa na sababu ya haki. Lakini pale Kidatu, inapokutana na reli ya meta moja, mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa, kwa tofauti ya milimita 67, isiyofikia upana wa vidole vinne. Nayo reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, ni ya milimita 1,435. Nchi moja, vipimo vitatu.

Mtoto akikosea mezani, atang'oa reli jioni na kutandika upya asubuhi. Taifa haliwezi. Kwa hiyo tunapoletewa michoro ya barabara, mabomba au reli, tuulize maswali yetu wino ungali mbichi: kitaungana na nini, na atakayekuja baada yetu atapita wapi? Swali hilo halina gharama siku ya mchoro. Siku ya kuhamisha mizigo, lina gharama kila siku.