Kaimati
Mwezi wa Ramadhani, katika majiko ya Mombasa na Unguja, unga ulioumuka kwa hamira hukamuliwa kwa ngumi. Kinachochomoza juu ya kidole gumba huchotwa kwa kijiko kilicholoweshwa maji na kutumbukizwa kwenye mafuta. Jina la kaimati limetoka Kiarabu, luqaimat, yaani vitonge, na Waarabu wa Ghuba bado wanavifuturia, aghalabu kwa asali ya tende. Sisi huzigeuza kaimati zetu kwenye shira ya sukari na iliki. Kwa Kiarabu ni neno la wingi, lakini Mswahili husema "kaimati moja" bila wasiwasi, wala hakosei. Wapo wasemao kalimati, nao wanaeleweka. Wanaonikera ni wanaoziita "maandazi ya mviringo". Andazi gani huogeshwa shira?