Kushikwa kwa samaki kabla ya kuachiwa

Kushikwa kwa samaki kabla ya kuachiwa ni yote yanayompata samaki tangu atolewe majini hadi arudishwe: kuchomolewa ndoano, kupimwa, kupigwa picha au kusafirishwa. Wilayani Rungwe jambo hili linahusu trauti wa mito baridi kama Kiwira, waliopandikizwa enzi za ukoloni kwa uvuvi wa burudani, na zaidi vifaranga vya perege wanavyofuga wakulima.

Hewa na uchovu

Hatari kubwa ni hewa, si mkono. Nje ya maji matamvua hugandamana, na samaki aliyechoka kwa kupambana na mshipi hukosa oksijeni wakati anapoihitaji sana. Jaribio mashuhuri ni la Ferguson na Tufts wa Kanada (1992), waliowafukuza trauti hadi wakachoka. Baada ya saa 12, kati ya waliobaki majini 88% walikuwa hai. Kati ya waliokaa hewani sekunde 30, 62% walikuwa hai, na kati ya waliokaa sekunde 60, 28% tu. Wanaonukuu tarakimu hizi husahau kwamba samaki hao walikuwa wamewekewa mirija ya kutolea damu, hivyo wa mtoni huenda wakastahimili zaidi. Hata hivyo, picha ya dakika nzima ni anasa ya mvuvi anayolipia samaki.

Ute

Mkono mkavu, taulo na wavu wa mafundo huondoa ute unaozuia kuvu na bakteria. Samaki huweza kuondoka akiogelea vizuri, akafa siku kadhaa baadaye bila mvuvi kujua.

Kina

Sangara anayevutwa haraka kutoka kilindini huvimba pulizo, yaani kifuko chake cha hewa, na kushindwa kuzama tena.

Pwani

Watamu, Kenya, ndiko yaliko makao ya African Billfish Foundation, shirika linalofuatilia samaki kwa alama. Sulisuli na nduwaro hupachikwa alama wakiwa ubavuni mwa boti, ndani ya maji, kisha huachiwa. Baadhi wamenaswa tena wakiwa wazima.

Vifaranga Rungwe

Kata ya Lufingo, kama maeneo mengi ya kuzunguka mji wa Tukuyu, ina baridi na mvua nyingi. Perege hula kwa shida maji yakiwa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, na kifaranga kilichochubuka magamba hupona polepole. Vifaranga havilishwi kwa siku moja kabla ya safari, na mfuko wao wenye oksijeni huachwa uelee bwawani dakika 15 hadi 30 ili joto la maji lilingane. Kumimina mfuko papo hapo ndilo kosa lililo rahisi kuliko yote kuepuka.