Habari za Bangwe hazimo vitabuni

Ukiitafuta Bangwe, kata ya mwambaoni Kigoma-Ujiji, vitabuni utaikosa, au utaiona kwa mbali tu, ikitazamwa na mtu aliye safarini. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapo hapo Ujiji 1871. Wote walikuwa na kalamu na wote walikuwa wapitaji. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, naye alipita na bunduki na pembe zake. Uzeeni, Zanzibar, akaandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa 1902 na 1903. Waliozibeba pembe hizo hawakuacha hata ukurasa mmoja.

Na hao ndio mababu wa watu wengi wa mwambao huu. Walitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, wengine kama wapagazi, wengine mateka. Walipokaa Ujiji wakasilimu, wakavaa kanzu, wakajiita waungwana. Namna walivyofika ikafungiwa chumbani. Mtafiti akija na daftari hupewa majina ya mababu na chai, basi. Simlaumu mzee anayenyamaza: utumwa wa bibi yako si habari ya kumwagiwa mgeni.

Za ziwa husemwa bila kificho. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibuka mnamo 1878, na Tanganyika ikashuka mita kadhaa. Ndiyo sababu mahali walipokutana Livingstone na Stanley, palipokuwa jirani na ufuko, leo pako mbali na maji. Miaka hii ya karibuni ziwa limepanda tena na kuingia bandarini Kigoma. Wanaoshangaa ni wale ambao hawakusimuliwa.

Kisha kuna dagaa. Zamani mvuvi aliwasha kuni mtumbwini, samaki wakafuata mwanga, akawachota kwa wavu wa mpini. Zikaja karabai, sasa ni taa za sola. Mwezi peke yake haujabadilika: ukiwa mpevu, taa haivuti kitu na nyavu hupumzika. Mwaka 2024 Serikali nayo ilizipumzisha, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane.

Basi mbalamwezi ijayo, kijana wa Bangwe mwenye babu au bibi akae naye. Simu ya kurekodi anayo mfukoni. Aanze na maji, aendelee na moto wa kuni. Habari za utumwa amwachie mzee mwenyewe aamue.