Geti Likifungwa, Miguu Haingoji

Wahadhiri wakigoma, ratiba yetu inajulikana. Wiki ya kwanza unalala. Ya pili unamaliza filamu zote kwenye simu. Ya tatu hata hukumbuki ulikuwa unasomea nini.

Sasa geuza hiyo stori. Mfanyakazi hajagoma; mwajiri ndiye amefunga geti na kusema hakuna kazi, hakuna mshahara, mpaka mkubali masharti yetu. Hiyo ndiyo lokauti. Na ligi ya NHL, ile ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, imefunga geti mara tatu tangu 1994, zote chini ya kamishna mmoja, Gary Bettman.

Ugomvi ulikuwa pesa, nini kingine? Mwaka wa 1994 mazungumzo yalikokotwa hadi Januari 1995, na kila timu ikacheza mechi 48 badala ya 84. 2012 ikawa hivyo hivyo: Januari 2013, mechi 48 badala ya 82. Lakini ile ya 2004 ndiyo ilivunja rekodi. Wenye timu walitaka kikomo cha mishahara, wachezaji wakakataa, na tarehe 16 Februari 2005 Bettman akafuta msimu mzima. Kombe la Stanley halikupata mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu 1919, mwaka ambao janga la mafua lilikatiza fainali.

Sasa jiweke kwenye viatu vyao. Huruhusiwi kwenye uwanja wa timu. Kocha haruhusiwi kukufunza. Unaweza kubeba vyuma kila asubuhi, lakini barafu inataka barafu. Kwa hivyo wengi walikodisha uwanja kwa pesa zao na kujipanga wenyewe vikundi vikundi. Sidney Crosby (ndiyo, yule yule aliyecheza na vijana wetu wa Kenya Ice Lions kule Toronto 2018) alifanya hivyo 2012. Hakwenda ng'ambo.

Wengine walipanda ndege. Na kama kuna mtu wa kusimulia hii historia peke yake, ni Jaromir Jagr. Lokauti ya 1994 alikuwa na miaka 22. Akarudi kwao Kladno, Ucheki, akacheza huko. Geti lilipofunguliwa alirudi Pittsburgh akiwa moto, akamaliza msimu kama mfungaji bora wa ligi kwa pointi. 2004 akarudi Kladno tena, kisha akahamia Omsk, Urusi. 2012, akiwa na miaka 40, Kladno tena. Safari hii timu yenyewe ilikuwa yake. Mara tatu amefungiwa nje, mara tatu nyumbani wakamfungulia.

Msimu wa 2004 zaidi ya wachezaji 300 wa NHL walicheza Ulaya. Joe Thornton na Rick Nash walienda Davos, Uswisi, wakachukua ubingwa. Ak Bars ya Kazan ilinunua karibu kila staa aliyepatikana: Lecavalier, Heatley, Kovalchuk. Halafu ikatolewa mapema kwenye mtoano. Ubingwa wa Urusi ulichukuliwa na Dynamo Moscow, yenye Pavel Datsyuk na kijana wa miaka 19 anayeitwa Alexander Ovechkin, ambaye bado alikuwa anangoja mechi yake ya kwanza ya NHL. Majina hayachezi, watu ndio wanacheza.

Ukifika hapa utasema, si unaona, mwenye bidii hakosi njia. Pole pole.

Kwanza, kwenda haikuwa bure. Ukiumia huko, mkataba wako wa mamilioni Marekani uko hatarini, kwa hivyo lazima ununue bima ghali. Pili, nafasi uliyopata Ulaya ilikuwa na mwenyewe. Kuna msee alikuwa anacheza kila wiki kwa mshahara wa kawaida. Staa akashuka na ndege, yeye akakaa benchi. Ndiyo maana 2012 ligi kuu ya Sweden ilijaribu kukataa mikataba mifupi, hadi mamlaka ya ushindani ya huko ikaipinga. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia.

Tatu, muda haurudi. Mark Messier, Scott Stevens, Ron Francis na Al MacInnis hawakucheza tena NHL. Wote wanne walitangaza kustaafu Septemba 2005, mwezi mmoja kabla ya barafu kufunguliwa. Na kile kikomo? Wenye timu walikipata: dola milioni 39 kwa kila timu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Geti likifungwa, songa. Tafuta barafu yako hata kama ni ndogo, hata kama hakuna wa kukushangilia. Jagr alirudi akiwa moto kwa sababu miguu yake haikungoja mkutano uishe. Lakini mtu asikudanganye kwamba kufungiwa ni baraka. Kuna mtu alishika funguo, na kuna mtu mwingine alilipa.

Wewe ukifungiwa kesho, Kladno yako ni wapi?