Nyonga ya Mzee Ikivunjika: Kwa Nini Daktari Hutaka Kutia Chuma

Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa hapa Mombasa, na swali ninaloulizwa sana na watoto wa wagonjwa ni hili: "Bi mkubwa ana miaka 80, mbona msimwache apumzike tu?"

Wazee wengi huanguka usiku wakienda msalani, au alfajiri wakitawadha penye maji. Mfupa umeshakuwa dhaifu, hauhitaji kishindo. Ukimwona hawezi kusimama, mguu mmoja umefupika na unyayo umegeukia nje, usimkande wala usiuvute mguu. Apigwe eksirei.

Kinachovunjika hasa ni sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Ikiwa ni shingoni na vipande vimeachana, damu inayolisha kichwa cha mfupa mara nyingi hukatika. Kwa mzee, kichwa hicho huondolewa akatiwa cha chuma. Ikiwa ni chini ya shingo, damu ipo na mfupa utaunga, lakini lazima utulizwe. Palipo na vipande vingi, au ukuta wa mfupa uliobomoka, misuli ya paja huvuta kila kipande upande wake. Huo ndio mvunjiko usiotulia. Uliotulia hutosheka na skrubu na bamba la ubavuni. Usiotulia aghalabu hutiwa msumari ndani ya mfupa wenyewe, na skrubu nene ikapita humo hadi kichwani. Msumari ukiwa katikati hubeba uzito vizuri zaidi. Njia hii ya msumari wa ndani ilienezwa na Mjerumani Gerhard Küntscher tangu 1939.

Sasa, kumwacha alale. Mfupa huenda ukaunga bila kisu, lakini ni wiki nyingi kitandani, mguu umefungwa uzani. Kulala huko ndiko kunakoua: nimonia, damu kuganda, vidonda vya mgongoni. Upasuaji nao una hatari zake, siwafichi. Moyo unaweza kushindwa, kidonda kikaingia usaha, skrubu iliyokaa vibaya ikatoboa kichwa cha mfupa. Hata katika nchi tajiri, kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu hufariki ndani ya mwaka.

Mwongozo wa Uingereza hutaka mgonjwa apasuliwe siku ileile au inayofuata, na kesho yake ainuliwe. Kwetu siku hupotea kutafuta damu, pesa za chuma, na idhini ya ndugu aliyeko Uarabuni. Hili la mwisho ndilo huniudhi. Bi mkubwa ana akili zake timamu, aulizwe yeye.

Njooni na dawa zake zote, hasa za kulainisha damu. Muulizeni daktari lini ataukanyagia mguu, na kama atapewa dawa ya kuimarisha mifupa. Nyumbani mtayarishieni fremu ya kutembelea, kiti kirefu cha kuswalia, na taa ya njia ya msalani.