Gari la msamaha wa kodi: Familia ya mtu mwenye ulemavu inaruhusiwa kulitumia vipi?

KATIKA mitaa ya Kata ya Levolosi, jijini Arusha, gari la familia halina kazi moja. Asubuhi hupeleka watoto shule, mchana huenda sokoni, jioni hupeleka mgonjwa hospitali, na mwisho wa wiki hupanda kwenda kwa wazazi kwenye miteremko ya Mlima Meru. Swali huzuka pale gari hilo linapokuwa limeingizwa nchini kwa msamaha wa kodi kwa sababu mmoja wa wanafamilia ana ulemavu. Je, mke, mume, kaka au mtoto wake anaruhusiwa kuliendesha? Na je, ni lazima mwenyewe awemo ndani kila linapowashwa?

Swali hili si dogo. Anayelikosea jibu anaweza kudaiwa kodi yote iliyosamehewa, na anayeliogopa kupita kiasi anaweza kumwacha mtu mwenye ulemavu nyumbani ilhali gari lake limeegeshwa uani.

Sheria inayohusika

Msamaha wa ushuru wa forodha kwa vifaa vya watu wenye ulemavu umo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Januari 1, 2005. Sheria hiyo ilitungwa na Bunge la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako Arusha, hatua chache kutoka Levolosi. Hutumika katika nchi wanachama wa Jumuiya, na hapa Tanzania msimamizi wake ni Mamlaka ya Mapato (TRA).

Jedwali la Tano la sheria hiyo linasamehe vifaa na zana, pamoja na gari moja, vilivyotengenezwa mahsusi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu. Kwa upande wa gari kuna sharti la muda: mwombaji asiwe amepata msamaha mwingine wa namna hiyo katika miaka minne iliyotangulia.

Maneno mawili hapo yana uzito. La kwanza ni "moja": msamaha ni wa gari moja kwa mtu, si wa magari ya ukoo. La pili ni "mahsusi": gari la kawaida haligeuki kuwa la msamaha kwa sababu tu mnunuzi ana ulemavu. Linalolengwa ni gari lenye breki na mafuta vinavyoendeshwa kwa mkono, lenye njia ya kupandishia kiti cha magurudumu, au lenye kiti kinachozunguka na kushuka hadi nje ya mlango. Magari ya aina hiyo hutengenezwa Japani, na kampuni ya Toyota huyauza kwa jina la Welcab.

Hapa wengi huchanganya mambo. Kiti cha magurudumu, kiwe cha kusukumwa au cha mota, kina fungu lake katika orodha ya forodha, namba 87.13, na hakitozwi ushuru wa forodha. Gari la kawaida lililofanyiwa marekebisho halimo katika fungu hilo. Hubaki katika fungu la magari ya abiria, namba 87.03, ambalo hutozwa asilimia 25. Ndiyo maana mwenye gari hulazimika kuomba msamaha.

Kiasi kinachohusika

Tuchukue mfano wa gari ambalo thamani yake, pamoja na bima na usafiri hadi bandarini Dar es Salaam, ni Sh milioni 10, na injini yake ni kati ya sentimita za ujazo 1,001 na 2,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh 2,500,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, unaokokotolewa juu ya Sh 12,500,000, ni Sh 625,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18, juu ya Sh 13,125,000, ni Sh 2,362,500. Jumla ni Sh 5,487,500, bila kuhesabu tozo nyingine wala nyongeza ya magari yaliyozeeka.

Ushuru wa forodha pekee ukisamehewa, jumla hushuka hadi Sh 2,390,000. Mwombaji atambue kuwa sheria ya Jumuiya inahusu ushuru wa forodha. VAT na ushuru wa bidhaa vina sheria zake za nchi. Kwa hiyo barua ya maombi itaje kila kodi kwa jina lake, na barua ya majibu isomwe kwa makini kuona ni ipi iliyosamehewa na ipi iliyobaki.

Nani ashike usukani?

Jedwali la Tano halitaji mke, mume, mtoto wala dereva wa kuajiriwa. Wala halisemi kwamba mwenye ulemavu lazima awe ndiye dereva. Kipimo chake ni matumizi: gari ni kwa ajili ya nani? Kutokana na kipimo hicho, safari za familia zinaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni safari ambazo mwenye ulemavu yumo ndani. Ndugu akimwendesha kwenda kazini, kanisani, msikitini, katika Hospitali ya Mount Meru au KCMC mjini Moshi, hilo ndilo kusudi lenyewe la msamaha. Kwa mtu asiyeona, au mtoto asiyeweza kuketi mwenyewe, hakuna namna nyingine ya kulitumia.

Fungu la pili ni safari zinazofanywa kwa ajili yake bila yeye kuwemo: kumchukulia dawa, kumnunulia mahitaji, kupeleka gari gereji, au kwenda kumpokea. Hizi zinaendana na kusudi la msamaha. Hata hivyo, ni vyema dereva awe na nakala ya barua ya msamaha na aweze kueleza safari yake.

Fungu la tatu ndilo lenye hatari: safari zisizomhusu mwenye ulemavu hata kidogo. Kubeba abiria kwa nauli, kupeleka watalii Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kusafirisha mizigo ya duka, au kumwazima rafiki gari kwa mwezi mzima ni kulitoa gari katika kusudi lake. Vitu vilivyosamehewa vikitumiwa au kutolewa kwa namna isiyolingana na kusudi la msamaha, ushuru wake hudaiwa. Biashara ya abiria huongeza kosa jingine, kwani huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na namba za rangi nyeupe, si za njano za gari binafsi.

Wenzetu wamefanyaje?

Nchi nyingine zimeandika mipaka hii waziwazi. Ujerumani, ambako watu wenye ulemavu mkubwa husamehewa kodi ya mwaka ya gari, sheria hutamka kuwa msamaha hukoma gari likitumika kubeba mizigo isiyo ya mkononi, kubeba abiria kwa malipo, au kwa safari za watu wengine zisizohusiana na usafiri wa mlengwa wala mahitaji ya nyumba yake. Neno "nyumba" limewaokoa wengi: mke anayekwenda kununua chakula cha familia hana kosa.

Uingereza, mpango wa Motability ulioanzishwa mwaka 1977 humwezesha mtu kukodi gari kwa kutumia posho yake ya ulemavu. Yeye huteua madereva wanaoandikwa kwenye bima, na gari hutakiwa kuwa kwa manufaa yake hata anapokuwa nyumbani. Teksi na kazi ya kupeleka bidhaa haviruhusiwi.

Tanzania haina tena ada ya mwaka ya gari, kwani ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Hivyo nafuu kubwa hapa hupatikana mara moja tu, siku gari linapoingia.

Leseni na bima

Msamaha wa kodi haumwondolei dereva wajibu mwingine. Kila anayeshika usukani awe na leseni ya daraja husika, na gari liwe na bima isiyopungua ile ya mtu wa tatu. Kampuni ya bima ielezwe mapema kuhusu marekebisho ya gari na watu wanaoliendesha. Ajali ikitokea gari la bima binafsi likiwa limebeba abiria wa kulipa, familia inaweza kujikuta ikilipa hasara yenyewe.

Kuuza na kurithi

Miaka minne ni kipimo cha haki ya kuomba gari jingine. Isichukuliwe kuwa ruhusa ya kuuza la kwanza kimyakimya. Kabla ya kuuza, kugawa au kubadilisha jina la mmiliki, mwenye gari aiandikie TRA na kupata jibu la maandishi kuhusu kodi inayodaiwa, kwa kuwa mnunuzi asiye na haki ya msamaha huifanya kodi hiyo idaiwe.

Mwenye gari akifariki dunia, msimamizi wa mirathi afanye vivyo hivyo kabla ya kuligawa. Warithi wengi hulihesabu gari kwa bei ya sokoni, wakisahau kwamba ndani yake kuna kodi ambayo haijalipwa.

Haki ndani ya nyumba

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9, mwaka 2010. Mkataba huo unatambua haki ya mtu kujongea kwa uhuru, kwa namna na wakati autakao. Haki hiyo huvunjwa kwa urahisi zaidi nyumbani kuliko ofisini: ndugu wanapopanga safari zao kwanza, na mwenye gari akaambiwa asubiri.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza TRA itasema nini, familia ijiulize: mwenye gari akitaka kutoka sasa hivi, gari lipo? Likiwapo, na funguo zikitoka kwa idhini yake, matumizi ya familia yanaelekea kuwa upande ulio salama. Lisipokuwapo siku baada ya siku, msamaha umeshahama mikono, hata kama jina kwenye kadi ya gari bado ni lake.