Tundu Kavu

Mgonjwa anayeng'olewa gego la mwisho hupewa maelezo akiwa bado ameuma pamba na nusu ya mdomo imekufa ganzi. Katika maelezo hayo, jambo moja mara nyingi hutajwa kwa Kiingereza: ajihadhari na "dry socket". Anaitikia kwa kichwa, anakwenda zake. Siku ya tatu hivi maumivu yakipanda hadi sikioni, jina lile halimsaidii kitu.

Jina lenyewe ni la zamani. Daktari wa meno J. Y. Crawford aliieleza hali hiyo mwaka 1896. Jino likishang'oka, damu hujaa pale lilipokuwa na kuganda. Donge hilo hufunika mfupa na ncha za neva, kama kigaga kinavyofunika kidonda cha gotini, na nyama mpya huota humo humo. Donge likiyeyuka au likichomoka kabla ya wakati, mfupa hubaki wazi. Hapo huja maumivu makali, harufu mbaya na ladha chungu mdomoni.

Kwa Kiswahili tuiteje? "Soketi kavu" ni jepesi kutamka, ila soketi kwetu ni ya fundi umeme. "Shimo kavu" linaeleweka, lakini shimo huchimbwa ardhini. Mwilini tuna tundu la pua na tundu la sikio. Kwa hiyo tundu. Ugumu uko kwenye "kavu", maana mate yapo na mdomo umelowa. Kilichokosekana ni donge la damu. Mtu anaweza kupendekeza "tundu tupu", na kwa maana halisi hakosei, ila mgonjwa atauliza kwa haki kabisa: jino limetoka, kwani ulitaka lijae nini? Nachagua tundu kavu, mradi anayelitaja aongeze maneno mawili matatu kuhusu donge.

Na hilo gego? Wapo wanaoliita jino la hekima, wakifuata Kilatini, na Waarabu nao hulitaja kwa akili, kwa kuwa huota kati ya miaka 17 na 25 hivi. Gego la mwisho linatosha: linasema ni jino gani na liko wapi. La taya la chini ndilo lenye balaa zaidi. Likiwa limenasa mfupani, daktari hulazimika kupasua ufizi na kukereza mfupa, na huko tundu kavu limeripotiwa hata kufikia asilimia 30, ilhali kwa meno mengine ni kati ya 1 na 5. Uvutaji sigara huongeza hatari, na vidonge vya uzazi wa mpango pia.

Ili donge lisichomoke, kwa saa 24 za mwanzo mtu hukatazwa kusukutua, kutema mate kwa nguvu na kunywa kwa mrija. Anayetawadha asihangaike: kwa Mashafii, ambao ndio wengi pwani yetu, kusukutua ni sunna, si faradhi. Baada ya saa hizo, maji ya uvuguvugu yenye chumvi ni ruhusa, taratibu.

Tundu kavu likishatokea, daktari hulisafisha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, kisha mara nyingi huweka dawa yenye yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu. Karafuu hiyo hiyo ya Pemba. Lakini usijimiminie mafuta yake nyumbani. Yakiwa makali huunguza nyama ya ufizi. Antibiotiki peke yake haifuniki mfupa, kwa hiyo kukimbilia duka la dawa si njia ya mkato. Aghalabu maumivu huisha ndani ya siku 7 hadi 10.

Tofauti ya kukumbuka ni moja. Maumivu ya kawaida ya kung'oa jino hushuka kila siku. Ya tundu kavu huanza au hupanda kati ya siku ya 2 na ya 4. Madaktari wa meno, andikeni hayo kwa Kiswahili kwenye karatasi ya mgonjwa, pamoja na jina la ugonjwa, ili akiona maumivu yanapanda ajue ni ya nini na arudi kwenu siku hiyo hiyo.